Nani Alipanga Ile Namba? Historia Fupi ya Kengele za Gesi

Leo sitaandika juu ya siasa wala juu ya vita. Ninataka kuwaelezea historia ya namba mbili ndogo ambazo siku moja nilikuwa karibu kuzibadilisha kwa kalamu yangu, bila kujua zimetoka wapi.

Nilikuwa mu staji, kwenye kiwanda kimoja cha gesi, inchi jirani. Karibu na mashini za kusukuma gesi kulikuwa chombo kimoja kimetundikwa juu, kinaangalia chini kama maikrofoni iliyopinduliwa. Ni kigunduzi cha mvujo wa gesi, lakini hakinusi gesi. Kinasikiliza. Juma nzima chombo kile kilikuwa kinalia karibu kila usiku. Watu wanaamka, wanakimbia, wanapima, hawaoni gesi yoyote. Shefu wa zamu akachoka. Akanipa karatasi ya mabadiliko: kiwango cha kengele kitoke desibeli 74 kiende 84, na muda wa kusubiri utoke sekunde 10 uende 30. Akaniambia, "Tia sahihi yako pale chini, leo tulale."

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mzee mmoja fundi wa vipimo akaniuliza, "Kijana, unajua ile 74 ilitoka wapi?"

"Hapana, mzee."

"Basi usiiguse mpaka ujue."

Nilifikiri ananionea, juu nilikuwa mgeni na tena Mkongo. Kumbe alikuwa ananifungulia mlango wa historia ya miaka 200.

MWALI WA TAA NA NDEGE

Kengele za kwanza za gesi hazikuwa na sauti. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, wengine walikuwa watoto bado. Wakati ule wachimbaji walikuwa wanashuka na mishumaa ao taa za moto wazi, na metani inayotoka mu makaa ilikuwa inakutana na ule moto.

Mwaka 1815 Humphry Davy akatengeneza taa ambayo mwali wake umezungukwa na wavu mwembamba wa waya. Wavu unapunguza joto, kwa hiyo moto wa ndani hauwezi kuwasha gesi ya nje. Lakini taa ile ilikuwa na kazi ya pili. Metani ikiingia ndani, juu ya mwali kunatokea kofia ya rangi ya buluu. Gesi ikizidi, kofia inapanda. Mchimbaji mwenye macho mazuri aliweza kuisoma sawa vile sisi tunasoma kipimo.

Angalieni vizuri hapa. Taa ilikuwa inaonyesha tu. Mwanadamu ndiye alipaswa kuamua kofia ikifika urefu gani watu watoke. Na tatizo lilianzia palepale. Kwa kuwa taa ilionekana salama, watu wakapelekwa kuchimba mafasi ambayo mbele yalikuwa yameachwa kwa sababu ya gesi. Milipuko haikuisha.

Mu miaka ya 1890 daktari mmoja Mskoti, John Scott Haldane, alichunguza vifo vya wachimbaji baada ya milipuko. Aliona kwamba wengi hawakuuawa na moto, bali na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Akashauri washuke na wanyama wadogo, kama panya ao ndege. Mwili wa ndege mdogo unavuta hewa haraka kuliko wetu, kwa hiyo sumu inamwangusha mbele, na mtu anapata dakika chache za kukimbia. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege wale hadi mwaka 1986.

Ndege yule alikuwa na kitu kimoja ambacho mashini za leo hazina: hakuna shefu aliyeweza kumwambia asubiri kwanza sekunde 30.

GESI INAPOPEWA ASILIMIA

Kiisha vikaja vigunduzi vya umeme. Hapa ndipo namba zinaingia. Metani inaweza kulipuka ikiwa mu hewa kuanzia karibu asilimia 5 hadi 15. Chini ya 5 gesi ni kidogo, haishiki moto. Kwa hiyo vigunduzi vinahesabu kwa kulinganisha na ile 5: kikisema 20, maana yake tumefika asilimia 20 ya njia ya kwenda kwenye hatari, yaani metani asilimia 1 mu hewa. Viwanda vingi vinapanga kengele mbili: ya kwanza ya kuonya, ya pili ya kufunga mitambo.

Lakini kigunduzi cha aina hii kina udhaifu mmoja: lazima gesi imfikie. Kama upepo unaipeleka upande wa pili, chombo kinakaa kimya huku gesi inajaa mita chache tu kutoka pale.

Na hata kengele ikilia, inaweza kulia kwa kuchelewa. Wale waliosoma mambo ya petroli wanajua jina la Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi mu Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988, watu wa mchana walikuwa wametoa vali ya usalama ya pampu moja ili itengenezwe. Pale ilipotoka walifunika kwa kifuniko cha chuma, lakini hakikukazwa vizuri. Usiku pampu ya pili ikazimika. Watu wa zamu ya usiku hawakujua habari ya ile vali, wakawasha pampu ya kwanza. Mu chumba cha uongozi kengele za gesi zikaanza kuwaka, moja, kiisha zingine zikafuatana. Mbele mtu apate nafasi ya kuelewa, karibu saa nne ya usiku, mlipuko wa kwanza ukapiga.

Kulikuwa pampu za kuzima moto. Zilipaswa kuanza zenyewe. Lakini zilikuwa zimewekwa kwenye hali ya kuwashwa na mkono, juu wapiga mbizi walikuwa wanafanya kazi majini, na watu waliogopa pampu zisiwavute. Sababu nzuri kabisa! Waliifanya kwa kulinda maisha ya watu. Usiku ule hakuna aliyeweza kuzifikia. Kwa watu 226 waliokuwa jukwaani, 61 tu walipona. Ukiongeza watu wawili waliokufa wakijaribu kuokoa wenzao, hesabu inafika 167.

Lord Cullen aliongoza uchunguzi, na mwaka 1990 akatoa mapendekezo 106. Toka wakati ule kampuni za Bahari ya Kaskazini zililazimishwa kuonyesha kwa hesabu namna gani zitagundua mvujo mapema, siyo kusema tu "tuko na kengele".

SIKIO LINALOSIKIA TUSICHOSIKIA

Hapa ndipo chombo changu cha staji kinapata mafasi yake mu historia. Gesi yenye presha kubwa ikitoka mu tundu dogo, inakimbia kwa mwendo wa sauti, inavurugika, inapiga makelele. Sehemu ya makelele yale iko juu sana, masikio yetu hayafiki. Mtu anasikia hadi karibu kilohezi 20. Vigunduzi hivi vinasikiliza kuanzia karibu kilohezi 25 kwenda juu. Mngurumo wa mashini, kwa sehemu kubwa, unabaki chini ya hapo, kwa hiyo chombo hakijali mngurumo. Na hakingoji upepo. Bomba likitoboka tu, sauti imeshafika.

Lakini chombo hiki hakijui kama ni metani inayotoka ao ni hewa tu. Hakijui pia kama gesi iliyokusanyika ni nyingi ao kidogo. Kinajua tu kwamba kuna kitu kinatoka kwa nguvu. Kazi ya kutofautisha imeachiwa yule anayepanga zile namba mbili.

Namba ya kwanza ni kiwango. Haitoki kichwani mwa mtu. Unaacha chombo kisikilize kiwanda, saa 24 ao zaidi, mchana na usiku, mashini zikifanya kazi sawa na kila siku. Unachukua kelele ya juu kabisa iliyopimwa, unaongeza angalau desibeli 6. Ndiyo maana mu miongozo mnaona ngazi tatu. Mafasi ya kimya sana, ambapo kelele ya kawaida haipiti 58, kengele inawekwa 64. Mafasi ya kelele ndogo, isiyopita 68, kengele ni 74. Mafasi ya kelele kubwa, isiyopita 78, kengele ni 84.

Sasa angalieni bei yake. Kwa mvujo wa gramu 100 za metani kwa sekunde, chombo kilichopangwa 64 kinaweza kusikia hadi kama mita 20. Kikipangwa 74, hadi kama mita 12. Kikipangwa 84, hadi kama mita 8. Kutoka mita 12 kuja 8 inaonekana kitu kidogo. Lakini piga hesabu ya eneo: duara la mita 12 lina kama mita za mraba 450, la mita 8 lina kama 200. Kwa kuongeza namba 10 tu kwenye karatasi, zaidi ya nusu ya eneo inabaki bila sikio. Na chombo bado kinaning'inia palepale, taa yake ya kijani inawaka, kila mgeni anayepita anaona kuna ulinzi.

Namba ya pili ni muda wa kusubiri. Kuna sauti za kawaida: vali inafunguka, presha inatolewa kidogo, kiisha kimya. Ukiweka muda wa sekunde chache, chombo hakitalia kwa ajili ya hiyo. Ni akili nzuri. Lakini mvujo wa kilo 1 kwa sekunde unatoa kilo 10 mu sekunde 10, na kilo 30 mu sekunde 30. Kila sekunde ya amani yetu ina uzito wake wa gesi.

KENGELE NYINGI, KENGELE ILIYOZUIWA

Mtu atauliza: basi tuweke namba chini kabisa, ilie kwa kila kitu? Historia inakataa hiyo pia.

Tarehe 24 Julai 1994, mtambo wa kusafisha mafuta wa Milford Haven, inchi ya Wales, ulilipuka baada ya radi kuvuruga kazi toka asubuhi. Wachunguzi waliona kwamba mu dakika 11 za mwisho, watu wawili waliokuwa mu chumba cha uongozi walipelekewa kengele 275. Mtu anaweza kufanya nini na kengele 275 mu dakika 11? Anabonyeza tu ili zinyamaze. Ile yenye maana imepotea katikati ya wenzake. Watu 26 waliumia, na kwa neema ilikuwa siku ya Mungu, watu hawakuwa wengi kiwandani. Mwaka 1999 ukatoka mwongozo wa EEMUA, namba 191, unaosema kwamba mtu mmoja anaweza kubeba vizuri karibu kengele moja kila dakika 10. Siyo zaidi.

Kiisha ikaja Deepwater Horizon, mu Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010. Watu 11 walikufa. Miezi mitatu baadaye Mike Williams, fundi mkuu wa elektroniki wa jukwaa lile, alitoa ushuhuda mbele ya wachunguzi wa serikali ya Marekani. Alisema kengele kuu ilikuwa imezuiwa: vigunduzi vinafanya kazi, habari inafika kwenye kompyuta, lakini sauti ya kuamsha watu wote haitoki yenyewe. Alipouliza sababu, aliambiwa hawataki watu waamshwe saa tisa ya usiku na kengele za uongo. Kampuni yenye jukwaa ilijibu kwamba ule mpangilio haukuwa uzembe, ulikuwa ni wa makusudi, ili kigunduzi kimoja kisisumbue jukwaa zima kwa jambo dogo.

Niliposoma ushuhuda ule, nilisimama kidogo. Saa tisa ya usiku. Watu wasiamshwe. Yalikuwa karibu maneno yaleyale ya shefu wangu.

Wala shefu wangu hakuwa mtu mubaya. Alikuwa na watoto, alikuwa amechoka, na usiku tano mfululizo alikuwa amekimbia bure. Watu wa Piper Alpha walikuwa wanalinda wapiga mbizi. Wa Deepwater Horizon walikuwa wanalinda usingizi wa wafanyakazi. Mu historia hii nimetafuta mtu aliyezima kengele kwa roho mbaya, sikumpata. Nimekuta watu wenye sababu za kueleweka, na sababu zao hazikuandikwa vizuri, ao hakuna aliyerudi kuuliza kama bado zina maana.

TULICHOKUTA USIKU ULE

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu. Mzee hakugombana na shefu. Alimwomba usiku mmoja tu. Tukachukua kumbukumbu ya chombo, tukaona kwamba mbele kelele ya pale usiku ilikuwa karibu 61, lakini toka siku sita ilikuwa imepanda, inacheza kati ya 72 na 76. Kwa hiyo chombo hakikuwa na ugonjwa. Kiwanda ndicho kilikuwa kimebadilika.

Tukapita na kisikilizi cha mkono, polepole, bomba kwa bomba. Saa saba ya usiku tukakuta: kiungo kimoja cha bomba la hewa iliyobanwa, ile hewa inayoendesha vali, kilikuwa kimepasuka kama unywele. Hewa tu, siyo gesi. Ndiyo maana vipimo vya gesi vilikuwa vinaonyesha sufuri kila mara. Tukafunga hewa upande ule, tukabadilisha kiungo, haikupita saa moja. Kelele ikarudi 61. Kengele ikabaki 74, sekunde 10. Usiku uliofuata shefu alilala, na chombo kilikuwa macho.

Asubuhi mzee alinipa mita ya kupimia, akaniambia nipime kutoka kwenye chombo hadi kwenye viungo vya bomba kubwa la gesi. Nikapima: mita 10. Aliniangalia tu. Kwa 74, viungo vile vilikuwa ndani ya duara. Kwa 84, na sahihi yangu chini yake, vingebaki nje.

NA KWETU JE?

Msifikiri ni mambo ya mbali. Ziwa letu la Kivu lina karibu kilomita za ujazo 60 za metani na karibu 300 za kaboni dioksidi. Toka miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia metani ya ziwa. Leo KivuWatt, pale Karongi, inatoa megawati 26 za umeme: maji ya chini yanapandishwa kwenye jukwaa linaloelea, gesi inatengwa, inapelekwa pwani kwa bomba. Siku upande wetu utafanya hivyo kwa ukubwa, mmoja wetu hapa ndiye atapewa ile karatasi.

Lakini tusisahau pia kwamba kila hatari iko na sikio lake. Watu wa Goma wanajua mazuku: kaboni dioksidi inayotoka taratibu mu udongo wa volkano, inalala mu mabonde kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inaua mbuzi, inaua hata mtoto aliyeshuka kucheza. Haina presha, haina mlio. Ungetundika pale vigunduzi kumi vya sauti, vyote vingenyamaza. Pale panahitaji kipimo cha gesi yenyewe, na mtu wa kuweka alama ambayo mtoto anaielewa. Kununua chombo kizuri kwa hatari isiyo yake ni namna nyingine ya kuwa bila chombo.

Kwa hiyo, ninyi mnaoanza kazi, wahandisi, waganga, watu wa kompyuta, hata wa benki, juu kila kazi leo iko na kengele zake: siku mtakapoambiwa mpandishe namba ili kelele ipungue, ulizeni mambo matatu. Namba ya kwanza ilitoka wapi? Ni nini kimebadilika mpaka inalia? Na nikiibadilisha, ni nani atabaki nje ya duara? Jibu likipatikana, andikeni tarehe, sababu, na siku ya kuirudisha. Likikosekana, ombeni usiku mmoja, kama mzee alivyoomba.

Ile karatasi bado niko nayo, mafasi ya sahihi iko wazi. Na ninyi, mu kazi zenu, mmeshaombwa kunyamazisha nini? Tuelezeane hapa chini.